Hesabu za Mauzo Hazimjui Mchezaji Sugu

Mei 2014 Nintendo walitoa Mario Kart 8 kwenye konsoli yao ya Wii U. Wahakiki waliisifu, wachezaji wakaipenda, na mwisho wa safari ikawa imeuza nakala milioni 8 na ushei. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2017, gemu ile ile, yenye njia zile zile za mbio na magari yale yale, iliongezewa vitu vichache, ikapewa jina la Mario Kart 8 Deluxe na kutolewa upya kwenye Switch, konsoli iliyoirithi Wii U. Hiyo ya pili imeshapita nakala milioni 65.

Anayeamini kwamba ulimwengu wa gemu umegawanyika kati ya wachezaji sugu na wachezaji wa kupitisha muda ana kazi ya kutueleza kilichotokea hapo. Kama Mario Kart ni gemu nyepesi, ya kila mtu, wepesi huo ulikuwa umejificha wapi mwaka 2014? Na kama ni ya mashabiki wa damu wa Nintendo, hao mashabiki milioni 50 na zaidi walioibuka baadaye walitoka wapi?

Jibu halina miujiza. Wii U yenyewe iliuzwa kama milioni 13 na nusu tu, wakati Switch imevuka milioni 150. Tena ukiigeuza hesabu utaona kioja: kati ya kila watu kumi waliokuwa na Wii U, karibu sita waliinunua gemu hiyo, kwenye Switch hawafiki watano. Kwa kipimo hicho, toleo la mashine iliyododa ndilo lililowashika wanunuzi wake vizuri zaidi. Lakini nani atakaa kufanya mgao kama huo wakati lebo iko tayari mkononi?

Ninachodai ni hiki: lebo hizi mbili hubandikwa baada ya mauzo kujulikana, ili kuyaeleza, na ndiyo maana huwa hazikosei kamwe na hazisaidii kamwe. Gemu ikiuza, tunaambiwa imewafikia watu wa kawaida. Ikidoda, tunaambiwa watu wa kawaida ni vigeugeu. Tofauti kati ya wanunuzi ipo, siikatai, ila haiko kwenye ugumu wa gemu wala kwenye ushupavu wa mchezaji. Iko kwenye siku anayonunua, na kwenye njia iliyomfikishia habari.

Mgawanyo wenyewe haukuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1980, Toru Iwatani wa Namco alipobuni Pac-Man, kumbi za gemu zilikuwa zimejaa michezo ya kulipua vyombo vya angani, na waliosongamana humo ni wavulana. Iwatani alitaka wasichana nao waingie, akaona kula ni jambo lisilobagua mtu. Gemu ikaenea dunia nzima, na hakuna aliyemsuta kwamba amewasaliti wachezaji wa kweli, maana kundi la kujiita hivyo lilikuwa bado halijapata sauti. Tetris ya Alexey Pajitnov, gemu ya kupanga vipande vinavyodondoka iliyozaliwa Moscow mwaka 1984, ilifungashwa pamoja na Game Boy, konsoli ya mkononi ya Nintendo, mwaka 1989 na kuuza nakala kama milioni 35 kwenye kifaa hicho. Mwaka uliofuata Windows 3.0 ikaja na karata za Solitaire ndani yake, na maofisi yakajaa watu wanaocheza huku wamekaza macho kama wanaokagua hesabu. Hao hawakuhesabiwa popote, kwa sababu hawakununua gemu peke yake. Hapo pana somo la kwanza kuhusu takwimu za sekta hii: asiyepita kwenye mashine ya kulipia hayupo.

Myst ilipotoka mwaka 1993, ndiyo iliyokuja kuongoza kwa mauzo ya gemu za kompyuta. Ni gemu ya kutembea kisiwani, kutazama, kufungua mafumbo. Hakuna adui wa kupiga risasi wala saa inayokukimbiza. Iliyoipiku, mwaka 2002, ni The Sims, ambayo kazi yake kubwa ni kujenga nyumba, kuchagua makochi na kuhakikisha mtu wako ameoga kabla ya kwenda kazini. Kwa hiyo kwa miaka mingi, gemu za kompyuta zilizouza kuliko zote zilikuwa zile ambazo mjadala wa wakereketwa uliziona kama za pembeni. Pembeni ndiko kulikokuwa na fedha. Waliojiita kitovu walikuwa wakipiga kelele zaidi, na magazeti yaliandikwa kwa ajili yao.

Halafu ikaja Wii, mtangulizi wa Wii U, Novemba 2006, na hapa inafaa tutulie kidogo.

Sony walikuwa wakiuza PlayStation 3 kwa dola 499 na 599 huko Marekani. Nintendo, ambao GameCube yao ilikuwa imeishia chini ya milioni 22, wakaja na mashine dhaifu ya dola 249 yenye kidhibiti kilichofanana na rimoti ya televisheni. Satoru Iwata, rais wa kampuni wakati huo, alikuwa ameshaeleza mpango wake bila kificho: kuongeza idadi ya watu wanaocheza badala ya kugombania wale wale. DS, konsoli yao ya mkononi, ilikuwa imeshamfungulia njia. Gemu yake ya mazoezi ya ubongo, iliyotoka Japani mwaka 2005 ikiwa na uso wa Profesa Ryuta Kawashima, iliuza nakala kama milioni 19, nyingi kwa watu ambao hawakuwahi kushika kidhibiti cha gemu maishani.

Chukua tenisi ya Wii Sports. Mchezaji wako uwanjani anakimbia mwenyewe. Humwelekezi kushoto wala kulia. Anaufuata mpira kwa miguu yake. Wewe kazi yako ni moja tu, kupiga, na unapiga kwa kuuzungusha mkono kama mtu anayepiga mpira. Bibi wa miaka sabini anaelewa ndani ya sekunde kumi. Lakini ukiendelea kucheza utagundua kwamba kupiga mapema kidogo kunaupeleka mpira upande mmoja, kuchelewa kunaupeleka upande wa pili, na ukitupa mpira juu wakati wa kuanzisha na kuupiga ukiwa kileleni unatoka kwa kasi ambayo mpinzani haioni. Gemu ina alama za ujuzi zinazopanda mechi baada ya mechi, na ukifika mahali fulani inakutangaza kuwa umehitimu. Hiyo ni nyepesi au nzito? Mlango wake ni mpana. Chumba kilichoko ndani ni habari nyingine.

Nakala za Wii Sports zilifika takriban milioni 83. Namba hiyo hutajwa sana na wanaotaka kuonyesha nguvu ya gemu nyepesi, na inapaswa kutajwa kwa tahadhari, kwa kuwa karibu kote nje ya Japani ilikuwemo ndani ya boksi la mashine. Ushahidi safi zaidi uko Japani, ambako ilibidi mtu ailipie kivyake, na bado mamilioni waliilipia. Au tazama Wii Fit, iliyokuja na ubao wa kusimamia na bei ya kuumiza: zaidi ya milioni 22. Hakuna aliyelazimishwa kununua ubao wa kupimia uzito.

Wii yenyewe iliuza zaidi ya milioni 101. Kisha Wii U ikadoda, na hapo ndipo hadithi inayopendwa na wachambuzi ilipopata umbo lake: wachezaji wa kupitisha muda walikuja, wakacheza, wakachoka, wakahamia kwenye simu, na Nintendo wakabaki mikono mitupu kwa sababu walikuwa wameshawapa kisogo wachezaji sugu. Hadithi tamu, yenye kosa na adhabu. Nadhani ndiyo sababu inasimuliwa kwa raha namna ile.

Sasa iweke mbele ya mauzo. Wii Sports Resort ya mwaka 2009, iliyokuja miaka mitatu baada ya ile ya kwanza, iliuza zaidi ya milioni 33. Mario Kart Wii zaidi ya milioni 37. New Super Mario Bros. Wii, gemu ambayo inakuua usipoangalia unapokanyaga, milioni 30. Just Dance ya Ubisoft ilianza mwaka 2009 kwa kuchambuliwa vibaya na wahakiki, ambao waliona ni kurukaruka mbele ya runinga. Wanunuzi hawakusoma uchambuzi huo, na toleo jipya limekuwa likitoka kila mwaka tangu hapo. Na hapa kuna kitu kinachonifurahisha: Just Dance 2020, iliyotolewa Novemba 2019, ilitolewa pia kwa Wii. Miaka 13 baada ya mashine kuingia sokoni na miaka saba baada ya mrithi wake kuja, mrithi ambaye naye alikuwa ameshaondoka, bado kulikuwa na watu wanaonunua gemu mpya ya Wii. Hao ndio tunaoambiwa ni vigeugeu.

Kilichowachosha wengi, kwa maoni yangu, ni takataka. Baada ya Wii kushika kasi, wachapishaji waliijaza rafu kwa makusanyo ya vijigemu yaliyotengenezwa kwa haraka, wakiamini mnunuzi wa aina hii hajui zuri na baya. Alijua. Hakuwa na lugha ya kulalamika wala gazeti la kuandikia, kwa hiyo alifanya kile ambacho mteja wa kimya hufanya siku zote: hakurudi. Mchezaji sugu akiuziwa gemu mbovu hupiga kelele mpaka studio iombe radhi. Huyu mwingine anaizima mashine tu, na ukimya wake ukasomwa kama kukosa msimamo.

Upande wa pili wa lebo nao uliumiza. Sega walileta MadWorld kwenye Wii mwaka 2009, gemu ya damu na minyororo yenye rangi nyeusi na nyeupe, na ilipouza vibaya hukumu ikatoka papo hapo kwamba gemu nzito hazina soko kwenye Wii. Wakati huohuo Resident Evil 4, gemu ya kutisha ambayo watu walikuwa wameshaicheza kwenye GameCube na PlayStation 2, ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni moja kwenye Wii hiyo hiyo. Super Smash Bros. Brawl, gemu ya mapigano, ilikuja kupita milioni 10. Lakini hukumu ilishatoka, na studio zilizoisikia zikapeleka gemu zao kubwa kwingine, kisha kukosekana kwa gemu hizo kukawa ushahidi kwamba hazina wanunuzi. Huo ni mduara, na ulizungushwa na watu wanaolipwa vizuri kutozunguka mduara.

Electronic Arts walikwenda mbali zaidi: mwaka 2007 waliigawa kampuni katika vitengo vinne, kimoja kikiwa mahususi kwa burudani nyepesi. Kabla mwaka 2008 haujaisha kitengo hicho kilikuwa kimeunganishwa na kile cha The Sims. Miaka michache baadaye kampuni hiyohiyo ilitangaza Dead Space 2 kwa video za akina mama wakitazama vipande vya gemu kwa kuchukizwa, ujumbe ukiwa kwamba mama yako ataichukia. Kumbuka hawa ndio wauzaji wa The Sims, gemu ambayo wengi wa wachezaji wake ni wanawake. Walikuwa wakimuuzia mama kwa mkono huu na kumkejeli kwa mkono ule.

Tuseme basi lebo haielezi mauzo lakini walau inaeleza watu. Hata hilo linavuja. Ukipima kwa muda, mchezaji sugu anapaswa kuwa anayecheza sana. Lakini Candy Crush Saga, gemu ya kupanga peremende iliyotoka mwaka 2012, ina watu ambao wameicheza karibu kila siku kwa zaidi ya miaka kumi na kupita maelfu ya hatua. Utaratibu wake unajulikana: una maisha matano, kila moja ukilipoteza linarudi baada ya nusu saa, na ukishamaliza yote unasubiri, unaomba rafiki, au unatoa pesa. Mtu anayepanga siku yake kwa nusu saa hizo anaitwa wa kupitisha muda. Mwingine anayemaliza gemu ya vita kwa wikendi moja na kuiweka kando anaitwa sugu. FarmVille, iliyofikia zaidi ya watumiaji milioni 80 kwa mwezi mwanzoni mwa 2010, ilipanda stroberi zilizokomaa kwa saa nne na kunyauka zikichelewa kuvunwa. Kulikuwa na watu wanaotega kengele usiku wakavune. Ushupavu gani zaidi ya huo?

Ukipima kwa fedha, mambo yanazidi kupinduka. Activision Blizzard, wenye Call of Duty na World of Warcraft, waliinunua King, wenye Candy Crush, kwa dola bilioni 5.9. Makubaliano yalitangazwa Novemba 2015. Hizo ni fedha nyingi kuliko zile Disney walizolipa kwa Lucasfilm. Microsoft walipokuja kuimeza Activision Blizzard yenyewe mwaka 2023, kwa takriban dola bilioni 69, midomo yote ilikuwa kwenye Call of Duty, huku peremende za King zikiendelea kuingiza fedha kimyakimya. Gemu za simu kwa jumla zinachukua karibu nusu ya mapato yote ya sekta. Wanaolipa humo ni sehemu ndogo ya wachezaji, na wanaolipa sana ni sehemu ndogo ya sehemu hiyo, yaani hata ndani ya gemu inayoitwa nyepesi kuna kundi dogo lililozama kabisa ambalo ndilo linalobeba mapato.

Ukipima kwa ujuzi, tazama Tetris. Toleo la mwaka 1989 la NES, konsoli ya sebuleni ya Nintendo, lilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa na ukuta kwenye hatua ya 29, ambako vipande hudondoka kwa kasi isiyoshikika. Wachezaji wakavumbua namna mpya ya kubonyeza, wakaupita ukuta, na mwanzoni mwa 2024 dunia ikapata habari kwamba kijana wa Marekani wa miaka 13 ameipeleka gemu mpaka programu yenyewe ikaganda kwa kushindwa kuendelea. Gemu hiyo hiyo mtu anaicheza kwenye foleni huku akiwaza mengine.

Lebo pia huhama. Kwenye EverQuest, gemu ya kucheza na wengine mtandaoni iliyotoka mwaka 1999, kufa kulikugharimu maendeleo uliyoyachuma kwa saa nyingi, na vitu vyako vilibaki kwenye maiti ambayo ulipaswa kuifuata, mara nyingine katikati ya wanyama waliokuua. World of Warcraft, gemu ya aina hiyo hiyo, ilipokuja Novemba 2004, ukifa uligeuka mzimu, ukarudi mbio kwenye mwili wako, ukalipia matengenezo kidogo, maisha yakaendelea. Maveterani wa EverQuest waliicheka: gemu ya watoto. Oktoba 2010 ilikuwa na wanachama milioni 12 wanaolipa, idadi ambayo EverQuest haikuiota. Na leo ukimtafuta mtu wa kumtolea mfano wa mchezaji sugu wa miaka ile, utamtaja aliyekuwa akikesha kwenye uvamizi wa World of Warcraft na watu arobaini. Gemu ile ile imevuka kutoka lebo moja hadi nyingine bila kubadilika sana. Waliobadilika ni waliokuja nyuma yake na kuonekana wepesi zaidi.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha FromSoftware, studio ya Japani inayosifika kwa gemu ngumu, kwa sababu watetezi wa lebo hukitumia kama ngao. Demon's Souls ilitoka Japani mwaka 2009. Sony, waliokuwa na gemu hiyo mikononi, hawakuamini kwamba ingefaa kwa soko la Magharibi, wakawaachia Atlus waisambaze Amerika Kaskazini. Ilikuwa ngumu, haielezi mambo, inakurudisha nyuma kila unapokufa. Ikauza kuliko walivyotarajia. Dark Souls ikafuata mwaka 2011, na Februari 2022 ikaja Elden Ring, iliyouza nakala milioni 12 ndani ya wiki tatu hivi na kupita milioni 25 kufikia katikati ya 2024. Mnaona, wakasema watu, gemu nzito zinauza, wachezaji sugu wapo.

Milioni 25? Kama hao wote ni sugu, basi neno hilo halina tena maana ya watu wachache walioiva. Na kama si sugu wote, basi mamilioni ya watu wa kawaida wamenunua moja ya gemu ngumu zaidi za muongo huu, nayo lebo imeanguka upande wa pili. Rekodi za tuzo, yaani alama anazopewa mchezaji kwa kila hatua anayofikia, ambazo mifumo ya konsoli huonyesha hadharani zinatuambia jambo moja kuhusu gemu kubwa kwa ujumla: sehemu nzuri ya wanunuzi hawafiki mwisho. Wananunua, wanatembea, wanaona, wanatosheka.

Elden Ring yenyewe inajua hivyo. Unapotoka pangoni mwanzoni kabisa mwa gemu, mbele yako kuna uwanda wa majani na, barabarani, askari wa dhahabu aliyepanda farasi. Anaitwa Tree Sentinel. Ukimkaribia kwa ujasiri wa gemu nyingine anakumaliza kwa mapigo mawili matatu. Kwenye Dark Souls, mara nyingi adui wa namna hiyo angekuwa amesimama mlangoni na hakuna kwingine pa kwenda. Hapa unaweza kumzunguka tu. Unapita vichakani, anabaki na farasi wake, unakwenda kutafuta kanisa bovu lenye muuza vitu, unapata farasi wako mwenyewe, unarudi baada ya saa kumi ukiwa na nguvu, au hurudi kabisa. Ugumu wa pigano haujapunguzwa hata chembe. Kilichoongezwa ni njia ya pembeni, na sina shaka kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya mauzo kati ya Elden Ring na watangulizi wake ilipita kwenye njia hiyo.

Nilisema tofauti ya wanunuzi ipo kwenye siku wanayonunua. Kuna mtu anayefuatilia habari za gemu, anayejua tarehe ya kutoka miezi sita kabla, anayelipa bei kamili siku ya kwanza. Na kuna anayesikia habari kwa binamu yake, anayeona gemu ikichezwa sebuleni kwa mtu, anayenunua mwaka wa pili au wa tatu, labda pamoja na mashine yenyewe. Wa kwanza anaweza kuwa anapenda kilimo cha mboga. Wa pili anaweza kuwa anapenda vita vya bunduki. Stardew Valley, gemu ya shamba iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ilitoka mwaka 2016 na imeendelea kuuza mwaka hadi mwaka hadi kupita nakala milioni 40. Grand Theft Auto V iliingiza dola bilioni moja ndani ya siku tatu mwezi Septemba 2013, kazi ya wanunuzi wa siku ya kwanza, kisha ikaendelea kununuliwa kwa zaidi ya miaka kumi hadi kupita nakala milioni 200, kazi ya wale wengine. Gemu moja, makundi mawili, na hakuna kundi lililohitaji gemu ibadilishwe kwa ajili yake.

Kampuni inayochanganya makundi haya mawili hulipa. Mwaka 2010 Microsoft walitoa Kinect, kamera inayosoma mwendo wa mwili wa mchezaji, kwa Xbox 360, mashine iliyokuwa imekaa sokoni miaka mitano, na ikauza vifaa milioni 8 ndani ya siku 60. Walionunua ni watu wa kuchelewa, familia ambazo mashine ilishafika nyumbani au bei yake ilishashuka. Novemba 2013 wakaja na Xbox One, wakaweka toleo jipya la kamera hiyo ndani ya boksi kwa lazima, bei dola 499, huku PlayStation 4 ikiuzwa dola 399. Walikuwa wakimuuzia mnunuzi wa siku ya kwanza kifaa cha mnunuzi wa mwaka wa tano, na kumtoza dola mia moja zaidi kwa heshima hiyo. Miezi saba baadaye wakaitoa kamera kwenye boksi, lakini PlayStation ilikuwa imeshatangulia na haikukamatwa tena kizazi kile kizima. Ilielezwa kwamba Microsoft waliwasahau wachezaji sugu. Mimi naona walikosea kalenda. Kamera ile ile, kama kifaa cha pembeni cha hiari mwaka 2016 kwa bei iliyopoa, ingeweza kupata watu wake.

Juni 2025 Nintendo walitoa Switch 2, wakaitanguliza na Mario Kart World, na ndani ya siku nne zikawa zimeuzwa zaidi ya milioni 3.5. Wapo walioharakisha kusema kwamba familia zimerudi kwa Nintendo. Familia hazipangi foleni usiku wa manane siku ya kwanza. Hizo milioni 3.5 ni za wale ambao wangenunua mashine hata ingekuja na gemu ya chesi, na zitatuambia kidogo sana kuhusu mauzo ya mwaka 2028, ambao ndio utakaoamua kama mashine hii ni Switch nyingine au Wii U nyingine.